Fundi Usiiname

Mjini alikuwa fundi wa kutajika. Miaka ishirini na mbili aliketi nyuma ya kioo cha duka moja, akiwashonea makarani na walimu magauni yaliyokaa mwilini barabara. Mumewe alipostaafu wakahamia shambani kwa mama mkwe, na cherehani ikaja imeviringishwa blanketi kama mgonjwa.

Usidhani alikuja shingo upande. Alikuja na kiburi kidogo, akiamini wanawake wa huku wanavaa magunia kwa sababu tu hawajapata fundi. Ndivyo tulivyo watu wa mjini: tunafika na dawa kabla ya kuuliza ugonjwa.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani, Mama Pacha. Alitaka gauni la buluu la kuendea mkutano wa wazazi shuleni. Fundi akamsimamisha wima mbele ya kioo.

"Vuta pumzi, dada. Hapo hapo, usiachie."

Akakata, akashona, kisha akapunguza kitambaa chote kilichozidi ndani ya mishono, kama alivyozoea, akakitupa. Mama Pacha alijigeuza mara tatu kwenye kioo asiamini kiuno ni chake.

Siku ya mkutano alipitia kisimani kwanza. Akainama kuinua ndoo, na mshono ukaachia kutoka kwapani hadi kiunoni, nusu ya kijiji ikitazama. Kabla jua halijazama, fundi alikuwa na jina jipya: Fundi Usiiname.

Wiki tatu hakuna aliyebisha hodi. Cherehani ikashika vumbi, na fundi akashika hasira.

"Kama sishoni, mimi hapa ni nani?" alimwambia mumewe. "Mwezi ukiisha bila mteja, narudi kwa dada yangu mjini."

Aliyejibu ni mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni.

"Mwanangu, kushona hujakosea. Umekosea kupima. Kesho twende shamba. Jembe niachie mimi, wewe tazama migongo."

Akaitazama asubuhi nzima. Wanawake walipalilia wameinama, na kila jembe lilipopanda, kitambaa kilivutwa mgongoni, kikakaza kwapani, pindo likapanda nyuma. Yale aliyoyaita magunia hayakumbana mtu popote. Aibu ikamshika. Mjini alipima watu wanaokaa kwenye viti. Huku mtu husimama wima akipigwa picha tu.

Jioni akaenda kwa Mama Pacha, futi shingoni.

"Hodi!"

"Karibu. Umekuja kunishona mdomo nisikucheke?"

"Nimekuja kukupima upya. Inama, shoga."

"Hapa uani?"

"Hapa hapa. Kama unainua ndoo."

Mama Pacha akainama, wanawe pacha wakicheka hadi wakakaa chini. Fundi akapima mgongo, mabega, kwapa. Gauni lilipungua vidole vinne kila upande, na kile kitambaa cha ziada alikwisha kukitupa kwa mkono wake mwenyewe. Dukani buluu ile ilikuwa imekwisha.

Nyumbani alikuwa na gauni moja la buluu, aliloshonewa na wenzake wa dukani siku ya kuagana. Hakulivaa tangu aje. Alikuwa analiwekea safari ya kurudi. Alilikunjua kitandani, akalitazama. Lilimuuma, tusifichane. Kisha akachukua mkasi.

Kesho yake Mama Pacha akalivaa gauni lake palepale uani. Akainama, akainua ndoo iliyojaa, akaitua, akaiinua tena. Wote wawili walikuwa wametega masikio. Kimya.

"Mbona buluu hii ya ubavuni nzuri kuliko yangu? Umeitoa wapi?"

"Kwenye gauni langu."

Mama Pacha akaitua ndoo. Utani ukamtoka usoni.

"La kuagana? Mama mkwe wako alisema ndilo utakalovaa siku ya kurudi mjini. Sasa utarudi umevaa nini?"

Fundi akaivuta futi kutoka shingoni.

"Sirudi," akasema. "Inama tena, upande huu bado unavuta."