Baba Mkwe Hakulala Kwangu

Nyumba yetu ya Pasiansi imekaa palipokuwa na jabali, na jabali hilo nililivunja mimi. Kiwanja tulikipata rahisi kwa sababu hakuna aliyelitaka lile jiwe. Nilichoma matairi juu yake mpaka likawa jekundu, nikalimwagia maji likapasuka, na vipande vyake nikavigonga kokoto. Msingi wote umetoka humo. Mwenzangu alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko safarini, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nauza dagaa Mwaloni, soko la kando ya ziwa, na mchana nipo na fundi, nyundo mkononi.

Nasema mwenzangu kwa sababu hatukwenda kanisani, hatukwenda bomani, na ng'ombe wa mahari hawakuhama zizi. Tulipendana, akaleta begi lake kwenye chumba nilichopanga Kirumba, ikawa hivyo. Watoto wawili walizaliwa, nyumba ikapanda, na watu wakaniita mama fulani kama wanavyoitwa wengine.

Mtu mmoja tu alinikosesha raha, naye ni baba yake. Alikuwa mkulima wa mpunga huko Magu, na kila akija alituletea mchele mpya. Alikaa barazani, akala barazani, akacheza na wajukuu wake. Giza likianza kuingia alichukua fimbo yake, akavuka barabara na kwenda kulala kwa jirani, mzee mwenzake. Mimi nina vyumba vinne, kitanda nimekitandika shuka safi, mzee anavuka barabara. Tena hakunitazama usoni hata mara moja. Nikimuuliza mwenzangu, ananijibu, "Mzee ana mambo yake, achana naye."

Sikuachana naye. Nimelelewa na mama peke yake, mwanamke asiyekuwa na mkwe wala wifi, kwa hiyo mambo ya ukweni nilijifunza kwa kupapasa. Nilichokiona mimi ni dharau. Niliamini mzee ananihesabu kimada, mwanamke ambaye nyumba yake hailali mtu wa heshima. Kila nilipopika mchele wake niliupika kwa hasira, ingawa nakiri ulikuwa mtamu.

Baadaye mwenzangu akapata mwanamke mwingine huko njiani, akarudi na lugha mpya. Alitaka kuiuza nyumba. Karatasi ya kununulia kiwanja ilikuwa na jina lake, basi akaniambia nikusanye vyombo vyangu, kwa kuwa mimi si mke, na asiye mke hana chake. Alisema hivyo akiwa amesimama juu ya kokoto zangu.

Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, mahakama inaweza kuwahesabu hivyo na kuwagawia walichochuma pamoja. Tulipitia usuluhishi ukashindikana, tukaishia mahakama ya mwanzo.

Miaka tuliyoishi pamoja mwenzangu hakuipinga. Alichopinga ni kutambuliwa. Alisema mimi nilikuwa mpenzi wake tu, na kwamba hata ukoo wake haukuwahi kunihesabu mke. Shahidi wake akawa baba yake.

Mzee aliapa, akasema kwa sauti tulivu kwamba hakutoa ng'ombe hata mmoja, wala hakutuma mshenga, na kwao ndoa ni ng'ombe. Nilihisi nyumba inaondoka. Hakimu akaniuliza kama nina swali kwa shahidi. Afisa ustawi alikuwa ameniasa nisiulize kitu kwa hasira, lakini hasira ndiyo niliyokuwa nayo.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba."

"Miaka yote umekuja kwangu, umekula ugali wangu. Kwa nini hukulala kwangu hata usiku mmoja? Uliona uchafu gani?"

Mzee aliinamisha macho.

"Sasa mama, ningelalaje?" akasema. "Ile ni nyumba ya mkwe. Baba mkwe halali paa moja na mke wa mwanawe. Hilo hata mtoto mdogo analijua."

Mwenzangu alikohoa. Mmoja wa washauri wa mahakama, mama mtu mzima, akainua kichwa. "Mzee, mke wa nani?"

"Wa huyu." Alimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

"Lakini umesema hukutoa ng'ombe."

"Sikutoa. Hilo ni langu na mama yake, litazungumzwa. Ila tabia ya kulala kwa mkwe sina, na msiniandike kwamba ninayo."

Watu walicheka, karani akainama kuficha uso. Mimi sikucheka. Niliketi kwenye benchi nikalia mbele ya watu wote, kwa furaha na kwa uchungu, kwa sababu miaka yote ile nilikuwa naheshimiwa na sikujua. Yule mzee alikuwa akivuka barabara kwa ajili yangu.

Nje, mwenzangu alimfuata. "Baba, umeniangusha."

"Ulitaka nikane kwamba ni mkwe wangu? Nikirudi Magu niwaambie nini, kwamba nilikuwa namkwepa kimada?" Mzee aligonga fimbo chini. "Nyumba gawaneni. Heshima yangu mimi siigawi na mtu."

Siku ya hukumu hakimu alisema hawezi kutoa talaka, maana hakuna ndoa iliyofungwa. Alichoweza ni kutuhesabu kuwa tulikuwa mume na mke, na kuhesabu kila jiwe nililovunja kuwa mchango wangu. Tuligawiwa nusu kwa nusu. Nusu yake nilimlipa kidogo kidogo, na nyumba ikabaki kwangu na watoto.

Siku iliyofuata hukumu nilikwenda Mwaloni kama kawaida. Muuza dagaa mmoja, mwanamke ambaye tumegombana sana kwa ajili ya sehemu ya kuanikia, aliniona kwa mbali akawaambia wenzake, "Mtalaka huyo anakuja."

Wote waligeuka wakingoja nilipuke, maana wananijua. Nikaweka ndoo chini, nikajifunga kanga vizuri, nikamwomba aliseme tena, kwa sauti, wasikie mpaka wale wanaoshusha mizigo majini. Jina hilo hapewi mtu ambaye hakuwa mke.