Kibuyu cha Shefu wa Avenue

Nilipokuwa mutoto kule Masisi, ng'ombe wa jirani alikula maharagwe yetu yote. Papa hakupiga mutu. Alitengeneza kasiksi, ile pombe ya ndizi, akakunywa na mwenye ng'ombe katika kibuyu kimoja, kila mutu na mrija wake. Ukishakunywa hivyo, huwezi tena kumushitaki mwenzako. Mama alinuna wiki nzima, maana maharagwe hayakurudi.

Hapa mujini, Mabanga, shefu wa avenue yetu, muzee anayesimamia barabara, aliamua ugomvi vilevile. Wakubwa wenye kutawala muji walienda, wengine wakaja, yeye akabakia na kibuyu chake. Halafu hawa wa mwisho, wenye bunduki, wakamuomba listi ya watu wote wa avenue wanaowasema vibaya. Nikamukuta mlangoni kwake.

“Muzee, utaandika?”

“Watu wa avenue wote nilikunywa nao. Nianze na nani? Na wewe, mdomo mrefu?”

Tukacheka kidogo. Kisha akanipa kibuyu na mirija yake.

“Nikibakia hapa, nitaandika. Ninajijua, ninaogopa fimbo yao.”

“Lakini mimi sijui kuamua maneno ya watu.”

“Hata mimi sikujua.”

Akashika njia ya Majengo, bila hata mufuko, na hakurudi tena.