Saa Nane Mwaloni

Mama alisema saa nane. Alipiga Jumatano kwa simu ya mtu, sauti inakatika kila neno la tatu, lakini saa nane niliisikia vizuri. Ijumaa anavuka na mzigo wa dagaa kuja nchi kavu, mwalo wa Muleba, kule boti zinakotia nanga, asubuhi wanashusha, wanauza, saa nane boti inarudi kisiwani Goziba kabla upepo wa jioni haujaanza.

"Ukiweza, uje," alisema.

Hakusema njoo. Alisema ukiweza. Nililala na hilo neno siku mbili.

Nilikuwa sijamwona miaka miwili na miezi kadhaa. Aliondoka nyumbani kwetu Nyanga, hapa Bukoba, nikiwa kidato cha pili, niko bwenini Muleba. Niliporudi likizo nikakuta kitanda chao kimehamishwa upande wa pili wa chumba na nguo zake hazipo. Baba akaniambia yuko kisiwani, anafanya biashara ya dagaa. Basi. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna anayemtaja. Si kwamba wanamsema vibaya. Wangemsema vibaya ningekuwa na la kujibu. Baba ananyamaza, bibi ananyamaza, na mimi nikajua ndivyo tunavyoishi sasa.

Wiki hiyo baba mdogo alikuwa likizo. Alikuja na mke wake kutoka Dar kwa gari yao wenyewe, siku mbili barabarani, watoto wamewaacha kwa mama mkwe. Yeye ameondoka Bukoba akiwa mdogo sana, kasomeshwa huko na mjomba, Kihaya chake ni cha salamu tu. Mama mdogo ni mtu wa Iringa, Kagera hajawahi kufika. Alhamisi mezani baba mdogo akatangaza kwamba kesho anampeleka mke wake kumtembeza mpaka Muleba, wanasimama popote penye kitu cha kuona, jioni wanarudi.

Nikadakia hapohapo. "Na mimi naomba lifti. Nafuata cheti changu shuleni."

Cheti nilikuwa nacho tangu Machi. Kilikuwa kwenye bahasha chini ya godoro. Lakini ningesemaje mbele ya baba, na bibi anachambua maharage?

"Tunatoka saa mbili," baba mdogo alisema. Bukoba mpaka Muleba ni kama saa moja na nusu ukiendesha kwa adabu. Nikapiga hesabu usiku kucha. Hata wakisimama mara tano, saa tano tumefika.

Tulitoka saa tatu na nusu.

Kwanza Miembeni, kununua maji na biskuti. Mama mdogo akaona duka la vitenge. Halafu ufukweni, kwa sababu hawezi kurudi Dar bila picha ya ziwa. Halafu kanisa kuu, nje na ndani. Mimi ndiye nilipewa simu ya kupiga picha. "Sogea nyuma kidogo, msalaba uonekane wote." Nikasogea. "Mbona umetukata miguu?" Nikarudia. Wakaangalia, wakacheka wenyewe kwa wenyewe, mmoja akamfuta mwenzake jasho. Nikajisikia kama nguzo iliyopewa simu.

Kwenye gari nilikaa nyuma na mabegi na kreti ya soda. Wao mbele wanaongea mambo yao, majirani zao, shule ya watoto wao, mtu fulani aliyejenga ukuta ukaziba njia. Mara moja moja baba mdogo ananitazama kwenye kioo.

"Umekuwa kimya hivyo tangu lini wewe? Ulikuwa kasuku."

"Nipo tu, baba mdogo."

"Anawaza cheti," mama mdogo akasema. "Mwache. Cheti kikikaa sana ofisini kinaota ukungu."

Kemondo tukashuka tena kuangalia bandari. Hakukuwa na meli. Baba mdogo akaeleza jinsi yeye na marehemu babu walivyopandia meli hapo kwenda Mwanza, wapi walikaa, nini walikula, na mama mdogo akauliza maswali kama mtu anayetazama filamu. Saa tano kasoro. Nilikuwa nimesimama na mlango wa gari wazi, mguu mmoja ndani.

"Tungeenda," nikasema. "Ofisi wanafunga mapema Ijumaa."

"Wanafunga saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane!" Akacheka. "Mpaka saa nane nitakuwa nimekufikisha Muleba mara tatu, mwanangu."

Muhutwe tungenyoosha na lami. Akakata kupanda Kamachumu, kwa sababu mke wake lazima aone ile miinuko. Na ni kweli ni kuzuri, siwezi kukataa. Ilikuwa Julai, kiangazi, kuna ukungu wa vumbi, lakini ukisimama kule juu unaona migomba inashuka mpaka chini, na chini kabisa ziwa, na kwenye ziwa madoa madoa ya visiwa. Mama mdogo akanyoosha kidole, "Kile kinaitwaje?"

Baba mdogo hakujua. Akaniuliza mimi. Nikasema na mimi sijui. Goziba iko mbali mno, haionekani pale hata siku safi, lakini kila kisiwa alichoonyesha nilikuwa nakitazama zaidi ya alivyokitazama yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kwanza. Ningesema tu, mama yupo kisiwani huko, leo kavuka. Mama mdogo akanipa simu, akasema, "Tupige, halafu twende, mtoto wa watu amechoka."

Saa sita na dakika kumi. Nikafikiri, bado tunawahi.

Lakini kuteremka kutoka Kamachumu kuna kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, na yeye nilimsahau kabisa kwenye hesabu zangu. Baba mdogo akapunguza mwendo.

"Nikipita hapa bila kuingia atasema nimepita kama lori," alisema. "Dakika kumi. Tunasalimia tunatoka."

Nikamwamini, kwa sababu hata kwetu inawezekana. Ukifika, unasalimiwa, unaletewa kamwani kwenye kijikapu, ile kahawa kavu iliyochemshwa na majani, unatafuna punje mbili tatu, mnaongea, unaaga. Ukishatafuna umeshakaribishwa. Hakuna anayelalamika.

Nikapiga magoti, nikamwamkia shangazi kwa Kihaya, akanishika kichwa. Kikapu kikaja. Mama mdogo akatia punje mdomoni, macho yakamtoka.

"Hii inamezwa?"

"Tafuna, wifi yangu," shangazi akamwambia. "Ganda utatema. Wewe ni wetu sasa, tafuna."

Tukacheka wote, hata mimi. Dakika nane zilikuwa zimepita. Nilishaanza kuinuka.

Na hapo baba mdogo akafanya alichofanya. Alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, anaangalia kibanja, shamba la migomba la shangazi, na pale karibu na njia kulikuwa na mkungu mkubwa wa ndizi umening'inia, umenenepa. Akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Dada, huu ni wa kupika au wa pombe?"

Nilifumba macho. Mtu aliyekulia kijijini hawezi kufanya hivyo. Huwezi kusimama kwenye kibanja cha dada yako, ukagusa mkungu wake, ukauliza kama unapikwa. Yeye aliuliza kama mtalii anavyouliza. Shangazi alisikia kwamba kaka yake ana njaa, ametoka Dar mpaka hapo, anaona aibu kuomba.

"Wa kupika, waitu, ndugu yangu," akasema, na tayari ameshaingia ndani kuchukua panga.

"Hapana, dada, mimi nilikuwa nauliza tu..."

Panga likapita mara moja. Mkungu ukashuka begani kwa shangazi kama mtoto. Na mkungu ukishakatwa kwa ajili yako hakuna kuondoka. Hata baba mdogo alilijua hilo. Akanitazama mimi, akainua mabega, akaenda kukaa kwenye kiti chini ya dirisha. Mama mdogo akavua viatu.

Mimi ni msichana, kwa hiyo nikapewa kisu.

Tulikaa jikoni wawili, shangazi na mimi, jani la mgomba katikati. Nilimenya haraka, maganda yanatoka manene, nyama ya ndizi inabaki kwenye ganda. Alinitazama kwa muda.

"Huko shuleni walikufundisha kumenyea nguruwe?"

"Nisamehe, shangazi. Tuna haraka kidogo."

"Haraka ya nini? Muleba kuna nini?"

"Cheti."

"Cheti." Alilirudia taratibu. "Kina masharubu?"

"Shangazi!"

"Mimi nauliza. Msichana anatazama jua mara kumi, mimi nauliza."

Nikacheka kwa shida. Maji yalikuwa hata hayajaanza kutoa moshi. Akachukua ndizi nyingine, akaipitishia kisu mara nne, ganda likaanguka jembamba kama karatasi. Halafu, bila kuniangalia, akasema kwa Kihaya, "Mama yako alikuwa anamaliza mkungu mzima kabla maji hayajachemka."

Kisu changu kikasimama.

Miaka miwili na miezi, na huyu ni dada wa baba, nyumba ambayo nilidhani ndiyo ya mwisho kabisa duniani kumtaja. Kamtaja hivihivi, kama anavyotaja mvua. Akashika ndizi nyingine bila kuimenya. Sasa nadhani alikuwa ananisubiri. Ningesema, shangazi, mama ndiye ninayemfuata, yupo mwaloni sasa hivi, na shangazi angeuzima ule moto kwa maji ya sufuria. Ninamjua. Angembebesha baba mdogo ule mkungu mbichi mpaka kwenye gari.

Nikasema, "Eh."

Nikaendelea kumenya.

Ndizi zilikuwa nzuri, na maharage, na samaki mkavu. Nilikula tonge nne. Baba mdogo aliongezewa mara mbili. Tulipoaga ilikuwa saa nane na dakika tano, na shangazi alinishika mkono dirishani muda mrefu, akaniambia nimsalimie cheti.

Muleba mjini tulifika, baba mdogo akauliza shule iko upande gani. Nikasema ofisi wameshafunga. Nikasema, lakini twendeni mwaloni, ni karibu, pazuri kwa picha. Sauti yangu haikuwa yangu. Mama mdogo akafurahi. Tukateremka barabara ya vumbi, mawe yanagonga chini ya gari, baba mdogo anaendesha kama amebeba mayai, na mimi nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Saa tisa na robo. Nilishuka kabla gari halijasimama.

Mwalo ulikuwa mtupu nusu. Dagaa wameanikwa kwenye nyavu, wanawake watatu wanageuza, kunguru wengi. Nikamuuliza mmoja boti ya Goziba.

"Imetoka sasa hivi. Ile pale." Akanionyesha kwa kidevu. "Na leo wamechelewa kweli, nahodha anafoka. Kuna mama alikuwa anawazuia, mara nimesahau hiki, mara nimesahau kile. Alikuwa na mgeni wake hakutokea."

Ilikuwa inaonekana. Siyo kidoa bado, ilikuwa boti kabisa, na watu juu yake, rangi za nguo zao. Nikapiga ile namba ya Jumatano. Ikaita sana. Akapokea mwanaume, injini inanguruma, nikapiga kelele namtafuta nani, halafu kimya, halafu yeye.

"Uko wapi?"

"Niko mwaloni, mama. Nimefika. Nakuona."

"Unaniona?"

"Naona boti."

Nikainua mkono. Kwenye boti kuna mtu aliyesimama, labda ni yeye, labda ni mtu anafunga kamba.

"Ulikwama wapi?"

"Kwa shangazi. Alitukatia mkungu."

Nikasikia injini tu. Nilidhani imekatika.

"Basi umekula vizuri," akasema. "Yule anajua kupika. Alikuwa anasemaje?"

"Alikutaja."

"Alisemaje?"

Nikaanza kumwambia. Nilifika kwenye mkungu mzima kabla maji, na simu ikalia tu-tu-tu. Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga tena. Sijui alisikia mpaka wapi.

Baba mdogo na mama mdogo walikuwa wamefika nyuma yangu. Mama mdogo alishatoa simu ya picha, akaona uso wangu, akairudisha kwenye pochi.

"Nani huyo?" baba mdogo akauliza.

"Mama," nikasema. "Sikuja kufuata cheti. Nilikuja kumwona mama. Alisema saa nane."

Baba mdogo alivua miwani, akaitazama, akaivaa. Mama mdogo ndiye aliyesema, polepole, siyo kwa kunigombeza, "Ungetuambia ni mama yako, mwanangu, tungekuja moja kwa moja. Hata maji tusingenunua."

Nilijua. Ndiyo maana nililia. Tangu asubuhi nilikuwa nimewachukia, picha zao, biskuti zao, kicheko chao, na wao walikuwa hawajui chochote. Hakuna aliyenizuia siku ile. Ningesema neno moja Kamachumu. Ningesema neno moja jikoni.

"Boti nyingine lini?" baba mdogo aliuliza.

"Sijui. Mwezi ujao, labda."

Mwezi ujao wao watakuwa Dar.

Tulisimama. Upepo ulianza, wanawake wakaanza kukusanya dagaa. Boti ikawa ndogo, rangi za nguo zikaisha, ikabaki kitu cheusi kinachopanda na kushuka. Baba mdogo aliangalia saa, akaangalia barabara, lami iko mbali na alikuwa hapendi kuendesha giza.

"Twende?" akaniuliza.

"Bado," nikasema.