Picha za Shiku Langoni

Kamera ile tuliiomba wenyewe, sikatai. Mwaka jana gari lilirudi nyuma pale langoni mwa shule, katikati ya magari yaliyoegeshwa ovyo, likamvunja mtoto mguu. Sisi wazazi tukapiga kelele mpaka kaunti ikasikia. Wakiuru alipiga kelele kutushinda wote. Nakumbuka kwa sababu alisimama mbele ya duka langu la sare, hapa mkabala na lango, bintiye Shiku akiwa mgongoni.

Shiku ana miaka kumi na miguu yake haijawahi kumbeba. Kichwa chake lakini ni moto. Anawashinda wanangu wote wawili masomoni, na hilo huniuma kidogo. Kwao ni Tetu, na Wakiuru akishakamua ng'ombe humleta Nyeri kwa gari la kaka yake Gikonyo, Probox, maana shule ya huko kwao ni ngazi tupu. Hapa alikuwa akisimama langoni, anamkumbatia mtoto, anamweka kwenye kiti cha magurudumu kinacholala shuleni, anaondoka. Afande Mwangangi, trafiki wa pale, aliwazuia wengine wampishe. Siku nyingine alimbeba Shiku yeye mwenyewe, kofia ikimwangukia.

Kisha kamera ikapachikwa mlingotini. Tangu hapo gari haliruhusiwi kusimama langoni hata kidogo; likisimama, ni faini. Wa kuegesha aegeshe chini kule sokoni, zinakoishia matatu pia, na kutoka pale kuja juu ni mwinuko wa kukata pumzi. Hata kiti kikishushwa kule hakipandi, tope linameza magurudumu. Pikipiki nayo haiwezekani, mtoto haketi bila kushikwa. Wakiuru alijaribu kumbeba. Wiki ya mvua alifika kwangu magoti yote tope, Shiku akilia kwa kumhurumia mama yake. Mgongo ukagoma. Akarudi kusimama langoni.

"Afande, si uniambie nifanye nini?" alimuuliza Mwangangi.

"Mama Shiku, zamani ungeniomba mimi. Sasa hiyo kitu nitaiambia aje? Haiskii mtu."

Wakiuru akaenda ofisi za kaunti. Msichana wa dirishani, Sylvia, alimsikiliza vizuri, hata machozi yakamlengalenga. Akamweleza kwamba kamera husoma namba ya gari tu, haijui nani yuko ndani. Akamshauri aandike barua. Alikuwa ameshaandika. Basi aandike nyingine. Niliposikia hayo nilitaka niende kule nivunje kitu. Sikwenda. Ningevunja nini, na kamera niliiomba mimi?

Shiku kwa upande wake aliipenda ile kamera. Wenzake walimwambia kwamba gari likisimama tu, inapiga picha. Kwa hiyo kila asubuhi akitolewa garini alijipangusa uso, akainua shingo kuelekea mlingotini, akatabasamu meno yote nje.

"Mami, imenipiga?"

"Imekupiga."

Mama angemwambia nini kingine? Picha ya darasa hupigwa kwenye ngazi za ukumbi, na Shiku huachwa chini kando.

Faini zilikuwa zikiingia kwenye simu ya mwenye gari. Gikonyo si mtu mbaya. Probox hiyo ndiyo anayosambazia maziwa mchana, na alivumilia mpaka akaonywa kwamba gari litazuiliwa. Jumatatu alikuja mwenyewe, akamngojea dada yake dukani kwangu. Wakiuru akatoka kumwacha mtoto darasani, akamkuta.

"Wakiuru, hii gari narudi nayo. Usinikasirikie. Ndio inalisha watu wangu."

"Na Shiku atakuja aje?"

Gikonyo akatoa simu, ati dada yake ajionee kamera ilivyomkamata. Nami nikachungulia, mimi sina adabu. Picha zote zilifanana: namba ya gari, mlango wazi, Wakiuru ameinama, na juu ya bega lake uso wa Shiku, anacheka.

Wakiuru alizitazama moja moja, hakuruka hata moja. Nilingoja alie ili na mimi nipate kulia. Hakulia. Akampa kaka yake ufunguo wa gari.

"Nitumie hizo," akasema. "Zote. Hana picha ingine ya shule."