Mchumba Wangu Alinipanga Namba Kumi na Mbili

Admin, nifiche jina, na saluni yangu usiitaje kabisa, maana Durban yetu ni ndogo na midomo ni mikubwa.

Nina miaka thelathini na moja, ni Mkongo, nasuka nywele hapa South Beach. Nimechumbiwa. Mjomba wangu wa Pinetown ameshapokea wajumbe wa upande wa mwanaume, kanisani tumeshatangazwa mara mbili, na harusi imebakiza wiki tatu.

Mchumba wangu nitamwita Profesa, kwa kuwa ndivyo anavyopenda kuitwa. Anauza simu pale Point na hajawahi kufundisha hata chekechea. Uprofesa wake wote ni huu: kila mwezi wa tatu vyuo vya Amerika vinashindana mpira wa kikapu, na anayefungwa anarudi nyumbani. Timu hupangwa kwa namba, moja ndiyo kali, kumi na sita ndiyo nyonge. Profesa hatazami mechi hata moja. Anakaa internet café, anakusanya matokeo ya miaka ya nyuma, namba gani ilimfunga namba gani, halafu anatabiri. Wanaotazama mpira anawaita washamba. Na kila mwaka, siku ya pili tu, daftari lake limejaa kalamu nyekundu kama la mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nacheka, nikisema afadhali ugonjwa huu kuliko pombe.

Wimbo wake ni mmoja: namba tano na namba kumi na mbili hukutana mwanzoni, na huyu kumi na mbili ana mazoea ya kumwangusha mkubwa wake. Nimeusikia mpaka kwenye chakula cha Pasaka.

Juzi mchana alisahau daftari saluni. Nikafungua kurasa za nyuma, nikidhani ni timu. Ndugu zangu, walikuwa wanawake wa kanisa letu, kumi na sita, tumepangwa kwa namba! Namba moja binti wa mchungaji. Namba nne yule nesi wa kwaya. Namba tano Solange, rafiki yangu wa damu. Mimi? Kumi na mbili. Mshale ulionyesha nimemshinda Solange, na pembeni kaandika: "Historia inaruhusu." Nikashindwa kumalizia kichwa cha mteja.

Aliporudi nilimtupia daftari kifuani. Mnadhani aliona haya? Alitabasamu!

"Chérie, usikasirike. Watu wote wanakimbiliaka namba moja. Mimi niliona wewe. Hiyo ni akili."

"Kwa hiyo mimi niko mnyonge uliyeokota?"

"Eish, mama, si mnyonge. Uko surprise."

Nikamwonyesha mshale wa pili, maana ulikuwepo. Ulitoka kwangu ukaenda kwa nesi, na jina langu limekatwa. "Na huku? Nesi ananifunga lini?"

Akajikuna shingo. Akasema polepole, "Namba kumi na mbili, kwa kawaida, anaishiaka pale, akikutana na namba nne. Lakini hiyo ni historia tu, si mimi."

Historia tu! Namdharau, nasema wazi. Namdharau kwa akili yake ya makaratasi, na najidharau mimi niliyemfulia mashati miaka mitatu nikidhani napendwa. Imeniuma, kwa sababu bado nampenda, mjinga mimi. Solange anasema niende altareni, wanaume wote wana daftari, ila wengine hawaandiki. Mjomba anasema nikivunja nitamwaibisha mbele ya ukoo mzima.

Nesi naye jana kaja saluni, anataka nimsuke kwa ajili ya harusi yangu. Nimempa nafasi Jumamosi.

Daftari bado ninalo. Nimelisoma lote, jalada hadi jalada, nikitafuta yeye mwenyewe alijipa namba ngapi. Hayumo. Sasa nambieni ninyi mlio wengi: nimsubiri nesi anitoe, au nitoke mwenyewe kabla ya raundi kuanza?