Picha za Mama Peke Yake

Juzi jirani mmoja wa kiume alimwambia binti yangu picha zake za simu ni sawa, ila anipige mimi peke yangu. Nilimnyang'anya binti hiyo simu.

Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu mtaani Kamere, harufu ya dagaa wa omena na ya dawa ya shamba la maua kwenye aproni ya kazi ya mama. Mpiga picha wa mtaa alikuwa ameniazima kamera, sasa alikuwa ameleta picha nilizopiga, zimeshasafishwa, akawa ananielekeza:

"Hapa umemkata mama miguu, boss. Rudi nyuma kidogo. Hii ya baba ina giza, achana nayo. Mpige mama akicheka."

Nilidhani ananifunza kazi, kumbe alikuwa anajikusanyia picha za mke wa mtu.

Mama alimwuliza, "Na za mke wako ziko wapi?"

Jamaa alichukua kamera akaenda. Nililia jioni nzima, nikimlaumu mama kwa kunifukuzia mwalimu.