Suruali Iliyobaki Katika Matope ya Lufira

Jumapili, tarehe kumi na saba ya mwezi wa nane, mwaka wa 1975, nilipoteza suruali ya abakosti yangu ya pekee (ile suti ya Zaire isiyovaliwa tai), viatu vyote viwili, na heshima yote ambayo mwanamume anatakiwa kuwa nayo mbele ya mama mukwe wake. Suruali na viatu viko bado chini ya ziwa la Lufira. Mama mukwe tumemzika mwezi uliopita, na kwa kuwa pale matangani kila mtu alikuwa anaisimulia habari hii kwa namna yake (kuna waliofika hadi kusema kulikuwa na mamba, hakukuwa na mamba), naona heri niisimulie mwenyewe na aibu yake yote.

Kwetu mwanamume na mama mukwe hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawagusani hata mkono. Nikimwona anakuja njiani napinda upande mwingine, na akiwa na neno la kuniambia anampa mke wangu Kabwe, naye Kabwe ananiletea. Tuliishi hivyo miaka tisa bila ugomvi hata mmoja, kwa sababu mtu usiyeongea naye utagombana naye vipi?

Basi mwaka ule mama akaanza kukohoa. Alikuwa mzaliwa wa kijiji kimoja kilichofunikwa na maji walipojenga barrage ya kuzuia mto, yeye akiwa bado msichana, na mama yake mzazi alikuwa amezikwa juu ya kilima, na kilima kile kikabaki kisiwa kidogo katikati ya ziwa. Akamtuma Kabwe: «Ambia bwana yako mie nataka kupeleka bunga kwa mama yangu mbele ya kufwa.» Bunga ndio unga, wa kumwagia kaburi. Hakuwa amewahi kuniomba kitu.

Mimi nilikuwa dereva wa muhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa na mashua ndogo ya tanga pale ziwani, na Jumapili nyingi nilikwenda naye kumshikia kamba, nikajifunza kidogo. Alipokwenda Ulaya kwa likizo aliniachia niitunze, akasema nikitaka niitembeze. Nikasema ndiyo, tutakwenda. Hapo bado hakuna kosa.

Kosa la kwanza lilikuwa mavazi, kwa maana huwezi kusafiri na mama mukwe ukiwa na kaptula, kwa hiyo nikavaa abakosti iliyopigwa pasi, na beji ya chama kifuani. Kosa la pili, ndilo lililozaa mengine yote, lilikuwa mahali pa kukaa: nikamweka mama mbele kabisa, kama vile ungemweka mkubwa kwenye kiti cha mbele cha gari, Kabwe katikati, mimi nyuma kwenye usukani. Mashua ikatoka, upepo wa mwezi wa nane ukajaza tanga, na ndipo nikatambua kwamba nikiangalia mbele, namwangalia mama mukwe. Basi nikageuza uso. Nikawa naendesha mashua huku naangalia kule tulikotoka, na mashua inakwenda vizuri tu, Mungu anisamehe.

Maji yalikuwa yamepunguka, na miti ile ya zamani iliyokufia ndani ya ziwa ilikuwa inatoa vichwa. Mama akauona mmoja. Lakini mama hawezi kuongea na mimi.

«Kabwe, ambia bwana yako kuko muti.»

Kabwe alikuwa amefunga macho kwa kichefuchefu. «Eh?»

«Ambia bwana yako, mbele kuko muti!»

«Baba Monga, mama anasema kuko muti.»

«Muti gani?» nikauliza, bado naangalia nyuma.

Mashua ikagonga.

«Ule,» Kabwe akasema.

Tulikuwa tumepanda juu ya kisiki, hatua ishirini hivi toka kisiwani. Nikaruka kusukuma (nilitaka kuonekana mwanamume), na maji yalinifika magotini tu, lakini chini ya maji kulikuwa na matope, na matope yale yalinimeza hadi mapajani. Nikasukuma, mashua ikateleza ikatoka kwenye kisiki, mimi sikutoka. Kila nikivuta mguu nazidi kushuka. Kwenye kisiwa walikuwapo wavuvi wawili wanaokausha samaki, wakaacha kazi yao kutuangalia.

Hapo mama mukwe akapita juu ya Kabwe, akaja nyuma, akainama, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akaniambia neno mimi mwenyewe: «Leta mukono.»

«Mama, siwezi.»

«Unataka kufwa mu matope juu ya haya? Leta mukono, mutoto!»

Nikautoa. Yule mama mwenye kikohozi alivuta kama mtu anayeng'oa muhogo, Kabwe naye kanishika kola, nikatoka. Nilitoka mimi; suruali haikutoka. Nikalala juu ya ubao wa mashua, koti na beji juu, chini sina kitu cha kutaja.

«Citoyen!» mvuvi mmoja akaita, kama tulivyoamriwa kuitana wakati ule. «Juu uko mukubwa, sasa chini ni nani?»

Nikasikia kitu kinaniangukia mgongoni: mama, ameshageuka anaangalia maji, alikuwa amefungua kikwembe chake cha juu akanirushia. Kilikuwa kitenge cha kijani, chenye maua ya manjano. Nikajifunga.

Bunga ulikuwa mzima, maana alikuwa ameufunga kichwani ndani ya kitambaa. Tulizunguka kisiwa kile muda mrefu, mimi mguu wazi juu ya miiba, hadi akaona kichuguu kikubwa, na chini yake chungu kilichopasuka kilichowekwa juu ya kaburi. Akapiga magoti. Akamwaga bunga kidogo kidogo, machozi yanashuka, kisha akasema:

«Mama, nimefika. Uyu Kabwe, mutoto yangu. Na uyu wa nyuma ni bwana yake, ndiye amenileta. Leo haiko na suruali. Usimuangalie.»

Tukacheka sote watatu, naye huku analia.

Kurudi, alikaa mbele tena, ila sasa alipaza sauti mwenyewe, «Kushoto! Kuume!», na hatukugonga kitu. Toka siku ile nimeapa: sitavaa nguo ya pasi juu ya maji, na anayeona mti aseme yeye mwenyewe.

Nyumbani tukarudi kwenye desturi. Nikampelekea kuku mweupe wa kuondoa aibu, na kikwembe kimefuliwa, kimepigwa pasi. Kuku akamla. Kikwembe akakirudisha kwa mkono wa Kabwe: «Ambia bwana yako akichunge. Siku ingine ataanguka tena mu matope, na mie sitakuwako.»

Mwezi uliopita, asubuhi ya kumzika, nilikitoa sandukuni nikakifunga kiunoni juu ya suruali, nikaenda kubeba jeneza pamoja na watoto wake wa kiume. Kaka mkubwa wa Kabwe alikuwa mbele yangu. Akakiona, akakitambua, akanong'ona bila kugeuka:

«Mulamu, leo uko na suruali?»

«Niko nayo,» nikasema.

Tukanyanyua.